WASIWASI HAUPUNGWI: JAWABU KWA WAFANYABIASHARA WA KHOFU

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba wake na kila aliyefuata mwenendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Upo msiba katika vijiji vyetu vya pwani ya kusini mashariki ya Unguja, kuanzia Bwejuu na Paje hadi Jambiani na Makunduchi, ambao hautangazwi msikitini wala hauwekewi matanga. Ni msiba wa mtu kulala na mawazo mabaya na kuamka nayo. Mama anateremka pwani maji yakitoka, anaukuta mwani wake umegeuka mweupe na kukatika, na kabla hajainua kamba moyo umeshamwambia: nimefanyiwa. Kijana amepeleka barua za kuomba kazi katika hoteli tatu bila ya kupata jawabu, na moyo unamwambia: wewe si kitu, wala hutakuwa kitu. Jirani amepita bila ya kuitikia salamu, na moyo unasema: ananichukia. Mzee amemaliza sala yake ya Alasiri, mara anairudia, kisha anairudia tena, kwa kuwa moyo haukomi kumwambia kwamba udhu wake umetenguka.

Mawazo haya hakuna aliyeyaalika. Huingia bila ya hodi, hukaa bila ya ruhusa, na mwenye nyumba huanza kuyatii kama kwamba wao ndio wenye nyumba. Hili peke yake ni zito. Lakini linalotulazimisha kushika kalamu mwezi huu ni wale waliojipanga mlangoni wakiwangojea watu hawa: mmoja na chetezo chake, mmoja na chupa za maji ya kusomewa, na wa tatu na hotuba ya kuwalaumu. Tunasema wazi kwamba wote watatu wanamdhulumu Muislamu aliyeelemewa, na hoja zetu ni hizi zifuatazo.

1. Mnong'ono si utawala

Neno letu "wasiwasi" tumelipokea kutoka Kiarabu, nalo ni lile lile lililomo katika Suratun-Nas, ambayo watoto wetu huihifadhi katika wiki zao za mwanzo madrasani. Sura hii yenye aya sita inatufundisha kujikinga kwa Mola wa watu na shari ya mwenye kunong'ona ndani ya vifua, ambaye sifa yake ni kurudi nyuma na kujificha. Mganga huishia hapo, akasema: mmesikia, ni jini! Lakini aya ya mwisho imesema kwamba wanong'onezi hao ni katika majini na watu. Basi anayekaa mbele ya mama mwenye khofu akamwambia kwamba shemeji yake ndiye aliyemroga, naye pia ni mnong'onezi, na sura hiyo hiyo inatutaka tujikinge kwa Allah na shari yake.

Hatukanushi kuwepo kwa majini, wala hatukanushi kwamba Shetani hutia wasiwasi. Hayo yamethibiti katika Qur'an na Sunna. Tunachokataa ni kumpa Shetani ufalme ambao Allah hakumpa. Katika Surat Ibrahim (14:22) tumeelezwa kwamba Shetani mwenyewe, Siku ya Kiyama, atakiri mbele ya wafuasi wake kwamba hakuwa na mamlaka yoyote juu yao isipokuwa aliwaita tu, nao wakamuitikia. Ikiwa mshitakiwa mwenyewe atakiri kwamba uwezo wake ulikuwa ni kuita tu, vipi mganga wa kijijini kwetu amzidishie?

Hukumu ya sharia juu ya wazo lenyewe iko wazi. Amepokea Abu Hurayra (r.a.), katika Bukhari na Muslim, kwamba Allah ameusamehe umma huu yale yanayopita ndani ya nafsi zao maadamu hawakuyatenda wala hawakuyasema. Na katika Muslim imepokewa kwamba baadhi ya Masahaba walimjia Mtume (s.a.w.) wakilalamika kwamba huyakuta ndani ya nafsi zao mambo ambayo wanaona ni makubwa mno hata kuyatamka. Hakuwaambia kwamba wamepagawa, wala hakuwatilia shaka dini yao. Aliwaeleza kwamba kule kuchukizwa kwao ndiko imani iliyo wazi. Basi msikie hili, ewe ndugu ambaye hulali usiku kwa wazo lililokupitia: kuumia kwako kwa sababu yake ni ushahidi wa uzima wa moyo wako.

2. Mganga wa ngoma na mganga wa kanzu

Mganga wa kwanza tunamjua tangu zamani. Ana ngoma na ubani, ana mizimu na mapango ya kupelekewa nadhiri, na anamtoza masikini mbuzi asiye naye. Harakati yetu imemkanya kwa miaka mingi, na hadithi ya Muslim inatosha kumjibu: anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, sala yake haikubaliwi masiku arubaini.

Wa pili ni mgeni zaidi, naye anajificha katika safu zetu. Kanzu yake inakomea juu ya kifundo, ndevu amezifuga, na ubao wake umeandikwa kwamba anatoa tiba ya Kisunna. Anamlaani mganga wa ngoma, kisha anafanya biashara ile ile bila ya ngoma. Tazameni maswali anayomuuliza mgonjwa: Je, unahisi uzito mabegani? Je, unaota nyoka au unaota unaanguka? Je, moyo unakudunda bila ya sababu? Je, unachoka na watu? Nani katika wanawake wanaoinama kutwa nzima katika maji ya mwani asiyehisi uzito mabegani? Nani mwenye deni asiyedundwa na moyo? Kila mwenye taabu atajibu ndiyo, na kila aliyejibu ndiyo ataambiwa ana jini, na jini huyo hatoki ila kwa chupa kadhaa, mafuta kadhaa na vikao kadhaa, vyote vikiwa na bei yake.

Watatuambia: mbona Abu Said al-Khudri (r.a.) alisoma Fatiha na akapewa kondoo? Tunajibu: hadithi hiyo ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim, na ni hoja dhidi yao. Aliyesomewa alikuwa ameumwa na mdudu mwenye sumu, maradhi yanayoonekana, na ujira ulishikamana na kupona. Sahaba yule hakumwambia mgonjwa kwamba jirani yake ndiye aliyemtumia mdudu, wala hakumpangia arudi kila Alkhamisi, wala hakugeuza tukio la safarini kuwa duka. Watasema tena: Qur'an (2:275) imemtaja mtu anayeparamiwa na Shetani. Nasi tunasema: kutajwa kwa jambo kuwa lipo si ruhusa ya kumbandika kila mwenye huzuni, kama vile kutajwa kwa mwizi katika Qur'an si ruhusa ya kumkata mkono kila apitaye njiani.

Wala asitusingizie mtu kwamba tunapinga ruqya. Ruqya ya sharia ni ibada na ni rehema. Bibi Aisha (r.a.) ameeleza, katika Bukhari, jinsi Mtume (s.a.w.) alivyokuwa kila usiku akikusanya viganja vyake, akasoma Ikhlasi na sura mbili za kujikinga, akavipulizia na kujipangusa mwilini. Alijisomea mwenyewe, kitandani kwake, bila ya malipo. Sunna hii kila mama wa Paje anaiweza. Anayemwambia kwamba kisomo chake hakina nguvu mpaka kipite kinywani mwa bwana fulani amemuwekea mtu wa kati baina yake na Mola wake, na hilo ndilo tulilolikataa kwa wenye mizimu.

Madhara ya biashara hii hayaishii katika fedha. Khofu iliyothibitishwa na mwenye kilemba hutafuta mtu wa kulipa. Wazee wetu wanaukumbuka mwaka 1995, ilipoenea khofu ya Popobawa kutoka Pemba hadi Unguja, watu wakilala nje makundi makundi wakiwasha moto. Katika fadhaa hiyo, mtu mmoja mwenye maradhi ya akili aliuliwa na umati mjini Unguja kwa kudhaniwa kuwa ndiye. Nafsi iliyoharamishwa ilimwagwa damu kwa wazo ambalo hakuna aliyelidai ushahidi. Na Allah (s.w.) alishatutahadharisha katika Surat al-Hujurat (49:12) kwamba baadhi ya dhana ni dhambi.

3. Huzuni si ukafiri

Wa tatu si mganga. Ni mwenzetu anayepanda juu ya mimbari au anayekaa kwenye darsa akasema: Muumini wa kweli hapati huzuni wala khofu, ukiwa na mawazo, basi imani yako ina kasoro. Anadhani anawahimiza watu. Kwa hakika anamtwika mgonjwa mzigo wa pili: wa kwanza ni huzuni, wa pili ni aibu ya kuwa na huzuni.

Tunamuuliza ndugu huyu: Nabii Yaakub (a.s.), ambaye macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni (12:84), imani yake ilikuwa na kasoro gani? Bibi Maryam, aliyetamani angekuwa amekufa kabla ya uchungu ule (19:23), alikuwa na upungufu gani? Mama yake Musa, ambaye moyo wake ulibaki mtupu mpaka Allah alipoutia nguvu (28:10)? Na Mtume wetu (s.a.w.), aliyetokwa na machozi kwa kifo cha mwanawe Ibrahim? Naye ndiye aliyekuwa, kama alivyopokea Anas (r.a.) katika Bukhari, akiomba mara kwa mara kukingwa na hamu na huzuni, pamoja na uvivu na uzito wa deni. Hamu ni dhiki ya yajayo na huzuni ni dhiki ya yaliyopita. Lau mambo haya hayampati Muumini, mbora wa Waumini asingekuwa akiyaombea kinga.

4. Wanavyuoni wetu walitangulia

Wapo vijana wetu wanaodhani kwamba kutibu mawazo kwa mawazo ni jambo la Wazungu. Hii ni kutojua hazina zetu. Abu Zayd Ahmad bin Sahl al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934 Miladia), aliandika kitabu kiitwacho Masalih al-Abdan wal-Anfus, yaani maslahi ya miili na nafsi. Sehemu ya pili ya kitabu hicho aliihusisha na maradhi ya nafsi, akaeleza ghadhabu, khofu, huzuni na wasiwasi. Aliigawa huzuni mafungu mawili: inayojulikana sababu yake, kama msiba au hasara, na inayokuja bila ya sababu inayojulikana, ambayo aliinasibisha na hali ya mwili, nayo inahitaji pia dawa ya mwili. Kisha akatoa nasaha ambayo tungependa iandikwe katika kila nyumba: kama mtu anavyoweka dawa nyumbani kabla ya kuumwa, basi na aweke akilini mwake mawazo mema wakati wa uzima, ili ayatoe pale nafsi itakapochafuka.

Na Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria (1350), amebainisha njia ya wazo: linaanza kuwa ni mpito, likiachwa huwa fikra, kisha huwa matamanio, kisha azma, kisha kitendo, kisha mazoea yasiyong'oka. Akaifananisha nafsi na jiwe la kusagia ambalo halisimami kuzunguka: ukilitilia nafaka utapata unga, ukilitilia mchanga utapata mchanga.

Zaidi ya miaka elfu moja baada ya al-Balkhi, katika miaka ya 1960, tabibu wa Marekani Aaron Beck aliwachunguza wagonjwa wake wa huzuni akaona kwamba kuna mawazo mabaya yanayojijia yenyewe, haraka haraka, na mgonjwa huyasadiki bila ya kuyahoji. Akajenga tiba yake juu ya kuyahoji. Mwanachuoni wa Sudan Malik Badri, aliyefariki mwaka 2021, ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kuwarudishia Waislamu wa leo kitabu cha al-Balkhi, na tafsiri yake kwa Kiingereza ilitoka mwaka 2013. Hekima ni haki ya Muumini popote aikutapo. Na hii asili yake alikuwa nayo nyumbani.

5. Mpeleke wazo mbele ya kadhi

Basi afanye nini Muislamu anayejiwa na mawazo haya? Tunamuwekea mambo manne.

Kwanza, atenganishe wazo la kupingana nalo na wazo la kulipuuza. Wasiwasi wa tohara, wa sala na wa itikadi haujibiwi kwa mjadala. Aliyejiwa na shaka juu ya Mola wake ameamrishwa na Mtume (s.a.w.) ajikinge kwa Allah na akome. Aliyetilia shaka udhu wake ameambiwa asiondoke katika sala mpaka asikie sauti au aone harufu. Kutokana na hadithi hii mafakihi wakaijenga kanuni yao kwamba yakini haiondolewi na shaka. Anayerudia sala mara tano haongezi ucha Mungu; anamlisha mnong'onezi.

Pili, wazo linalohusu watu na dunia lisimamishwe mbele ya kadhi. Sharia imeweka kwamba ushahidi ni juu ya mdai. Wazo linalosema "jirani ananichukia" ni mdai. Liulizwe: ushahidi wako uko wapi? Je, alisikia salamu? Je, hana mgonjwa nyumbani? Wazo linalosema "mwani wangu umerogwa" liulizwe: mbona umekufa pia katika kamba za wenzangu? Wakulima wa Paje na Jambiani, ambako kilimo hiki kilianza mwaka 1989, wanajua kwamba aina ya mwani yenye bei nzuri, kotoni, imeshindwa kustawi katika maji ya kina kidogo kwa kuwa bahari imezidi joto. Bahari iliyopata joto haina ugomvi na mama yeyote. Mdai asiye na ushahidi hufukuzwa mahakamani. Hapewi hukumu kwa sababu ya kupiga kelele.

Tunao mfano bora katika hili. Mtume (s.a.w.) alipokuwa akimsindikiza usiku mkewe Safiyya (r.a.), watu wawili wa Ansari walipita na kuharakisha mwendo. Akawasimamisha, akawajulisha kwamba yule ni Safiyya, na akaeleza kwamba alikhofia Shetani asije akatia jambo baya mioyoni mwao. Hakungoja wazo likue ndipo awasomee. Aliliwahi kwa kuwapa habari ya kweli. Ndugu zetu, mangapi katika majumba yetu yangemalizika kwa neno moja la kubainisha?

Tatu, aache "lau". Katika hadithi ya Muslim tumeamrishwa tufanye pupa katika lenye kutunufaisha, tumtake msaada Allah wala tusishindwe, na tusiseme lau ningefanya kadha, kwani neno hilo hufungua kazi ya Shetani. Amri hii inaanza na kitendo. Aliyeelemewa na asijifungie chumbani: asali jamaa, azuru jamaa zake, arudi shambani au pwani japo kwa saa moja, alale kwa wakati.

Nne, amdhanie Mola wake vyema. Katika Hadithil-Qudsi iliyomo katika Bukhari na Muslim, Allah (s.w.) ametujulisha kwamba Yeye yuko pale mja wake anapomdhania.

6. Na daktari ana nafasi yake

Yakiwa mawazo hayaondoki kwa wiki kadhaa, au mtu hali wala halali, au anasikia sauti wasizozisikia wengine, huyo apelekwe hospitali, naye haipungukiwi imani yake kwa hilo. Mtume (s.a.w.) ameamrisha tujitibu, na akaeleza kwamba Allah hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa. Mwenye fikra za kujitoa roho asiachwe peke yake hata usiku mmoja, wala asikaripiwe. Asikilizwe, akaliwe na afikishwe kwa daktari. Tunayo hospitali ya Makunduchi ya kuanzia, na mjini iko hospitali ya Kidongo Chekundu ambayo kazi yake ndiyo hii. Wengi wetu tunalitaja jina la Kidongo Chekundu kwa mzaha wa kumtukania mtu. Mzaha huo unawafanya wagonjwa waizunguke hospitali na kuishia kwa mganga, wakifika kwa daktari baada ya miaka, mali imekwisha na maradhi yamekomaa. Mababu zetu katika Uislamu walijenga maristani ya Nuruddin kule Damascus mwaka 1154 na ya Qalawun kule Cairo mwaka 1284, na wagonjwa wa akili walikuwa na nafasi humo. Je, sisi tumewajengea nini zaidi ya mzaha?

Na si kila mmoja anahitaji daktari. Wengine wanahitaji sikio. Kule Harare, Zimbabwe, tangu mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda amewafundisha kina bibi kukaa juu ya mabenchi nje ya vituo vya afya na kuwasikiliza wenye maradhi ambayo watu wa huko wanayaita kufikiri kupita kiasi. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionesha kwamba waliosikilizwa walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Sisi mabaraza tunayo mbele ya kila nyumba, na bibi tunao. Kilichopungua ni mtu mzima anayejua kusikiliza bila ya kutangaza siri na bila ya kumtaja mchawi.

Kwa hiyo tunawataka maimamu wa vijiji vyetu wafanye mambo matatu: watoe hotuba moja juu ya hukumu ya wasiwasi kama ilivyo katika Bukhari na Muslim, wakatae kutangaza msikitini kituo chochote kinachouza maji kwa vikao, na wateue katika kila mtaa wanaume wawili na wanawake wawili wenye siri, wa kuwaendea walioelemewa kabla mganga hajawafikia. Na wewe uliyekuwa ukifunga fedha ya mwani katika ncha ya kanga ili kumpelekea bwana mwenye chupa, izuie mkono wako. Wanunulie watoto chakula. Kisha usiku kusanya viganja vyako, soma, pulizia na ulale.

Tunamuomba Allah (s.w.) atukinge na shari ya kila mnong'onezi, awe jini au mtu, awape nafuu waliodhikika, na awaongoe wanaokula kupitia khofu za waja wake. Wallahu a'lam.

Wabillahi tawfiq.